Kuvua kwa mshipi kilindini: mwongozo kamili kwa anayeanza

Vijana wanaoanza kuvua kilindini hunijia na lalamiko lilelile: "Tumeshinda mwambani tangu asubuhi. Wenzetu wa mashua ya jirani wanapandisha chewa na changu, sisi hata kudonolewa chambo hatukudonolewa." Nikiwauliza chubwi, yaani ule uzito unaozamisha mshipi, ilikuwa wapi, hujibu kuwa ilikuwa chini. Nikiwauliza walijuaje, hunyamaza.

Tatizo liko hapo. Mara nyingi chambo kilikuwa kizuri na ndoana zilikuwa kali, ila mshipi ulilala. Mkondo uliubeba ukatanda ndani ya maji, chubwi ikabaki inaning'inia pima kumi juu ya mwamba, au ikaburuzwa mchangani mbali na samaki, na aliyeushika mshipi hakujua. Kila hatua humu inalenga jambo moja: mshipi usimame wima, na wewe ujue wakati wote chubwi yako iko wapi.

Kilindi ninachokizungumzia ni maji ya pima 25 hadi 55, yaani kama mita 45 hadi 100. Usianzie zaidi ya hapo. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, una kina cha mita 800 hivi katikati yake, na hakuna anayejifunzia pale. Tunavua kingoni, mwamba unapovunjika na kuteremka. Mvuvi wa Tanga, Shimoni au Nungwi huufikia ukingo huo mapema. Aliye mjini Unguja ana safari, kwa sababu maji yaliyo kati ya Unguja na bara ni mafupi.

## Vifaa vya kuandaa

Mshipi mkuu. Nailoni ya unene wa milimita 1 hadi 1.2, urefu wa pima 100. Mwembamba kuliko huo hukata vidole. Mnene kuliko huo hushikwa mno na mkondo, na mshipi unaoshikwa na mkondo hulala. Mshipi wa kusukwa ni mwembamba na una nguvu, lakini ukiuvuta kwa mkono mtupu na samaki mkubwa chini utakupasua nyama. Uache kwa wenye fimbo na gurudumu.

Nailoni ya mishipi ya chini. Milimita 0.8 hadi 0.9 kwa matawi ya ndoana, na kipande cha milimita 0.5 cha kufungia chubwi. Sababu ya huo mwembamba utaiona hatua ya pili.

Ndoana. Nunua zile za duara, ambazo ncha yake imegeukia ndani kuelekea shingo. Angalia namba vizuri dukani, maana hapa wengi hupotea. Namba ikiandikwa peke yake, kama 6, 7 au 8, kadiri inavyokuwa kubwa ndoana inakuwa ndogo. Ikiandikwa na mkwaju na sifuri, kama 8/0, mambo yanageuka: namba kubwa, ndoana kubwa. Kwa changu na kelea chukua 6/0 au 7/0, kwa chewa 9/0 au 10/0.

Chubwi. Andaa za nusu kilo na za kilo moja, angalau sita kwa kila safari, kwa sababu utazipoteza. Risasi ndiyo bora kwani ni nzito na ndogo, lakini usiiyeyushe jikoni wala penye watoto. Moshi wake ni sumu na vumbi lake hubaki. Mimi hutumia nondo. Nondo ya milimita 20 ina kilo mbili na nusu kwa mita, kwa hiyo kipande cha sentimita 20 ni nusu kilo na cha sentimita 40 ni kilo moja. Mwambie fundi wa kuchomelea akutilie kitanzi upande mmoja, basi.

Pete za kuzunguka. Ni vile vyuma vidogo vyenye macho mawili vinavyozuia mshipi kujisokota. Chukua madhubuti.

Vinginevyo: kibao cha kukunjia mshipi, vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuvaa vidoleni, kisu chenye ala, kulabu ya kupakilia samaki, koleo la kutolea ndoana, sanduku la barafu, na nanga ya kuelea, nitakayoieleza mbele.

Vya kuokoa maisha. Koti la kuokolea kwa kila mtu, na livaliwe badala ya kukaliwa. Maji ya kunywa ya siku mbili hata kama unakwenda kwa asubuhi moja. Tochi, filimbi, kioo cha kumulikia, simu ndani ya mfuko usiopenya maji. Mafuta ya injini yagawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la dharura lisiloguswa. Plagi za akiba na spana yake. Chombo kiwe kimesajiliwa na leseni iwepo. Ofisi ya uvuvi au kamati ya ufukweni pako watakueleza.

## Hatua ya 1: Pima mikono yako, utie alama mshipi

Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ya mtu mrefu haifanani na ya mtu mfupi, kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani ujipime ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Wengi huwa kati ya mita 1.6 na 1.8. Kumbuka hesabu yako.

Tandaza mshipi ufukweni au uani. Kila pima kumi zungushia uzi wa kushonea wa rangi, mizunguko kumi au kumi na miwili, kisha tia tone la gundi kali. Pima kumi nyekundu moja, ishirini nyekundu mbili, thelathini bluu moja, na kuendelea utakavyo mwenyewe. Alama iwe nyembamba ili ipite vidoleni bila kukwama, lakini uisikie.

Hii ndiyo kazi wanaoanza wanaiona ya kitoto na kuiruka. Bila alama huwezi kujua kuwa umetoa pima 50 mahali penye kina cha pima 35. Na ukishindwa kujua hilo, hujui kwamba mshipi umelala.

Jaribu ukiwa nchi kavu: fumba macho, vuta mshipi, utaje alama kwa kugusa. Ukizitaja zote bila kukosea, endelea.

## Hatua ya 2: Funga mshipi wa chini

Mshipi wa chini ni ule mfupi unaobeba ndoana na chubwi. Uwe wa pima moja tu, na ndoana mbili. Najua wazee wanaotia ndoana sita. Wao mikono yao inajua. Wewe ndoana sita zitakupa fundo la kufungua mchana kutwa.

Kata nailoni ya milimita 0.9, zaidi kidogo ya mita mbili. Ncha ya juu ifunge kwenye pete ya kuzunguka. Pitisha uzi kwenye jicho, uzungushe kwenye uzi wenyewe mara nne, rudisha ncha katika kile kitundu kilicho karibu na jicho, lowesha kwa mate, kisha kaza polepole. Mate si mila tu. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano, na pale ilipopata joto ndipo itakapokatika.

Kutoka kwenye pete shuka sentimita 50, ukunje uzi upate kitanzi kidogo, ukifunge kwa kupitisha mara mbili. Shuka sentimita 80 nyingine, tia kitanzi cha pili. Shuka sentimita 50, hapo ndipo mwisho.

Kila kitanzi kipokee tawi la sentimita 30 lenye ndoana. Umbali wa vitanzi, sentimita 80, ni mkubwa kuliko matawi mawili yakijumlishwa. Ndiyo maana hayatasokotana. Ukirefusha matawi, refusha na umbali.

Mwisho, chubwi. Ifunge kwa ule uzi dhaifu wa milimita 0.5, kipande cha sentimita 20. Mwamba ukiimeza chubwi, utakatika uzi huo peke yake na ndoana zako zitarudi. Ukiifunga kwa nailoni nene, siku ya kwanza utaacha kila kitu chini, na mshipi uliotelekezwa mwambani unaendelea kuua samaki bila faida ya mtu. Wenzetu wa Komoro, katika uvuvi wao wa kina kirefu, walitumia jiwe linalofunguka kwa mshtuo likifika chini. Wazo ni hilohilo: uzito ni wa kwenda nao, kurudi nao si lazima.

Ninginiza kazi yako kwenye mti, tundika chubwi. Matawi yakisimama pembeni kama mikono mifupi na hakuna linalofika kwa mwenzake, umefunga sawasawa. Andaa seti nne kabla ya kutoka. Kufunga mafundo juu ya mawimbi ndiko kunakowatapisha watu.

## Hatua ya 3: Chambo kisichozunguka

Pweza na ngisi ndio wa kuanza nao, kwa sababu nyama yao ni ngumu. Vijisamaki vidogo kule chini, na kikande hasa, huitafuna chambo laini ikaisha kabla hujaisikia. Kibua naye ana harufu inayovuta mbali. Mkate vipande vya ubavu pamoja na ngozi, uvinyunyizie chumvi usiku mmoja ili vikazane.

Kata kipande kirefu cha sentimita nane hadi kumi, kipana juu na chembamba chini kama ulimi. Choma ndoana mara moja tu kwenye upande mpana, itoke, ncha ibaki wazi kabisa. Wengi huificha ncha ndani ya nyama wakidhani samaki ataiona. Ndoana ya duara hunasa kwa kuteleza hadi pembe ya mdomo. Ikizibwa na nyama haitelezi.

Sasa fanya jaribio ambalo ningependa kila mtu alifanye: ukiwa bado karibu na pwani, tia chambo majini pima moja, uivute polepole. Ikizunguka kama pangaboi, imekaa vibaya. Iondoe, uchome katikati ya upande mpana. Chambo inayozunguka pima 40 itasokota mshipi wote na kumtia samaki wasiwasi.

## Hatua ya 4: Chagua siku, kisha saa

Mvuvi wa jarife, yaani wavu wa kutega, anaweza kupenda bamvua, siku za maji makubwa. Wewe wa mshipi wa kilindini bamvua ni adui yako. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hufika kama mita nne, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Wakati wa maji mafu, yaani maji madogo, tofauti inaweza kushuka hadi mita moja hivi. Maji yanayosogea ni machache na mkondo unapoa.

Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, nenda tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24.

Saa nayo ina maana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa pwani yetu karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo siku za maji mafu yatajaa karibu saa nne asubuhi. Hiyo ni zawadi kwa mvuvi: unatoka na umande alfajiri, unafika mvuoni jua limechomoza, na maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa mshipi wako unashuka kama timazi ya mwashi.

Misimu: kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini hupata nguvu na bahari huchafuka. Si wakati wa kujifunzia. Matlai ya Oktoba na Novemba, kati ya kusi na kaskazi, au Februari na Machi kaskazi inapolegea, ndipo utakapopata siku za maji kama mafuta.

Sikiliza taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, au ya idara ya hali ya hewa kwa walio Kenya, jioni na tena alfajiri. Mwachie mtu wa pwani maneno matatu: unakwenda wapi, mko wangapi, saa ngapi aanze kuwatafuta.

## Hatua ya 5: Tafuta ukingo, usitafute kina

Anayeanza hudhani maji marefu ndiyo yenye samaki. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ni mchanga na tope. Samaki wa chini hukaa penye mabadiliko: mwamba unapovunjika kutoka pima 25 hadi 40, kilima kinachoinuka peke yake, ufa. Na hukaa upande unaopokea mkondo, kwa kuwa chakula kinaletewa hapo.

Mwenye kipima kina cha umeme na GPS ana urahisi, atauona mstari ukianguka. Asiye nacho atatumia bildi. Chukua chubwi ya kilo moja yenye kitako bapa, ipake grisi au kipande cha sabuni ya mche kitakoni, iteremshe hadi chini uipandishe. Ikija na mchanga, uko mchangani. Ikija na makovu na vijipande vya matumbawe, uko mwambani. Ikija safi na umeisikia ikigonga "ko!", ni jiwe tupu. Rudia kila baada ya mita hamsini, ukihesabu pima. Pima zinapoongezeka ghafla, huo ndio ukingo.

Ukishaupata, uuwekee alama za nchi kavu. Tafuta vitu viwili vilivyo mstari mmoja, kwa mfano mnara wa msikiti na mnazi mrefu nyuma yake, kisha viwili vingine upande tofauti kabisa. Mistari inapokutana ndipo ulipo. Iandike daftarini. Simu huzima, daftari halizimi.

## Hatua ya 6: Kizuie chombo

Usitie nanga kwanza. Kwa kina cha mita 80 ungehitaji kamba ya mita 240 hivi ili nanga ishike, na ikishika itashika matumbawe iyavunje, kisha utaikata uiache hapo. Elea, lakini elea kwa mpango.

Kinachowaharibia watu ni upepo. Mkondo unabeba mshipi na chombo pamoja, hilo lina nafuu. Upepo unasukuma chombo peke yake, mshipi unabaki nyuma, pembe inafunguka. Dawa ni nanga ya kuelea: kipande cha turubai cha mraba, mita mbili kwa mbili, kamba nne kutoka pembe nne zikutane kwenye kamba moja ya pima tano, na hiyo ifungwe omoni, yaani mbele ya chombo. Ndani ya maji hujaa kama mwavuli na kukizuia chombo kisikimbizwe na upepo.

Mwenye injini anaweza pia kuiacha ikizunguka polepole, omo ikielekea upepo, akisogea kidogo kila mshipi unapoanza kulala. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja peke yake, nahodha asivue.

Kaa upande wa joshi, yaani upepo unakotoka. Ukikaa upande wa pili, chombo kitapanda juu ya mshipi wako na kuukata kwenye mkuku, ule uti wa chini ya chombo, au kwenye rafadha, pangaboi la injini.

Anza kuelea kabla ya ukingo. Mkondo wa maili moja ya bahari kwa saa hukubeba mita 31 kwa dakika. Chubwi inahitaji dakika moja au zaidi kufika chini, na mwamba wenyewe pengine una upana wa mita sitini. Ukiangusha juu ya alama yako hasa, utafika chini umeshaupita. Ukipita mwambani, pandisha, rudi mwanzo. Kukaa mchangani ukingoja ni kupoteza siku.

## Hatua ya 7: Teremsha

Hapa nenda taratibu.

Kwanza, mshipi uwe umekunjuliwa sakafuni kwa duara pana, hakuna mguu ndani yake, hakuna ndoo, hakuna mtu. Usizungushe mshipi mkononi hata mara moja, hata kwa utani. Samaki wa kilo ishirini akigeuka ghafla atakukata kidole au atakuvuta majini. Kisu kiwe mahali ambapo mkono wako utakifikia bila kukitafuta.

Tia chubwi majini ikifuatwa na ndoana moja moja. Acha mshipi upite kati ya kidole gumba na cha shahada vyenye tyubu, ukiukanyaga kidogo kwa kidole. Ukiuachia tu ukimbie, chubwi inatangulia, chambo inapanda juu na matawi yanajizungusha kwenye mshipi mkuu. Kila alama ya pima kumi ikipita, zuia kidogo, hesabu mbili, uachie.

Utajuaje imefika? Uzito unaondoka. Mshipi uliokuwa unakuvuta unalegea kwa ghafla. Siku za kwanza utaukosa mguso huo, kwa sababu mshipi utaendelea kutoka ukivutwa na mkondo. Ukiona umepita kina ulichopima kwa pima kumi na bado unatoka, acha. Hujafika, umelala.

Angalia mshipi unapoingia majini. Ukiwa wima, au umeinama kidogo tu, vua. Ukiwa umeinama nusu, katikati ya wima na ulalo, basi kina cha pima 35 kinakula mshipi wa pima 50, na hutasikia kitu. Pandisha. Badili chubwi ya nusu kilo utie ya kilo. Ukiwa bado umelala na kilo moja, usiongeze uzito mwingine: utavunja mgongo bure. Subiri maji yasimame. Kunywa chai. Nusu saa baadaye mambo yatakuwa mengine.

## Hatua ya 8: Gusa, inua

Ikifika chini, inua mara moja nusu pima. Chubwi ikilala mwambani itakwama.

Kuanzia hapo, kila nusu dakika shusha taratibu hadi isikike "ko", kisha inua tena nusu pima. Sakafu inabadilika huku unaelea. Ukishusha usisikie kitu, mwamba umeteremka: achia hadi usikie. Ukikuta mshipi umelegea kabla ya kushusha, mwamba umepanda: vuta upesi.

Ikiwa kwa dakika kumi umegusa chini mara kumi na tano, na kila mara umeisikia, wewe tayari unavua kilindini, hata kama sanduku ni tupu.

Ikikwama usivute kwa hasira. Sogeza chombo hadi upande ulikotoka, uvute kutoka huko. Ikikataa, zungusha mshipi kwenye kijiti, si mkononi, ukaze hadi uzi dhaifu ukatike.

## Hatua ya 9: Samaki anapokula

Kudonoa kwa haraka haraka, tik-tik-tik, ni kikande au vidogo wengine. Waache. Changu hudonoa mara mbili kisha huondoka nayo. Chewa hana mzaha: ni mvuto mmoja mzito, kama mtu amekanyaga mshipi.

Ukitumia ndoana ya duara, usishtue. Mshtuo unaitoa mdomoni. Kaza tu, anza kuvuta mkono kwa mkono, uzito ukiongezeka uendelee. Kwa pima 40 za nailoni inayonyumbuka, mshtuo wako hata hivyo haumfikii.

Pima tano za mwanzo ndizo za mapambano. Chewa anajua tundu lake liko wapi. Mvute bila kupumzika hadi umtoe karibu na mwamba. Akikuwahi akaingia, mshipi utakuwa mgumu kama umefungwa kwenye nguzo. Hapo legeza kabisa, ukae dakika tatu hadi tano. Mara nyingi hutoka mwenyewe akidhani yamekwisha. Ukisikia mshipi unatembea, vuta kwa nguvu zako zote.

Baada ya hapo vuta kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukisimamasimama, papa atamla njiani. Samaki anayefika juu kutoka kilindini huwa hana nguvu, na hii ina sababu: kwa kina cha mita 90 shinikizo ni mara kumi ya juu, na hewa ya kibofu chake hutanuka kadiri anavyopanda. Ndiyo maana pima za mwisho huwa nyepesi na tumbo hutokeza mdomoni.

Tia kulabu chini ya taya. Usimnyanyue kwa mshipi. Samaki wengi mno huanguka ubavuni mwa chombo.

## Hatua ya 10: Aliyekuja, aliyekosea, asiyeguswa

Samaki wako mkate matamvua upesi, amwage damu, kisha barafu. Kwa jua letu mimi hupakia barafu kilo kwa kilo na samaki ninaowatarajia, nikiichanganya na maji kidogo ya bahari ili imzunguke pande zote. Changu aliyefanyiwa hivyo saa moja asubuhi, jioni macho yake bado yanang'aa na bei yake haishushwi.

Chewa mdogo usimtupe juu akaelea kwa tumbo lililovimba, ataliwa na ndege. Mrudishe chini. Chukua ndoana tupu, uubane kwa koleo ule mwiba mdogo ulio ndani ya ncha. Mshipi ufunge kwenye mpindo wa ndoana, chubwi kwenye jicho lake, ili ncha ielekee chini. Mpitishie mdomoni, mshushe hadi karibu na mwamba, kisha vuta mara moja: atachomoka. Ukiona mahali panatoa wadogo watupu, hama.

Bunju asiliwe, wala asipewe paka. Sumu yake haitoki kwa kupika. Mkunga anauma hata akidhaniwa amekufa. Mkatie uzi, ndoana moja si hasara. Samaki wenye miiba migongoni washike kwa koleo, na ukichomwa, tia jeraha kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Kuna pia samaki mweusi mrefu wa usiku, ngozi yake inakwaruza kama tupa na nyama yake ina mafuta mengi. Mafuta hayo tumbo haliyameng'enyi, na atakayeshiba atayaona ya kuyaona.

Na silikanti. Tangu 2003 wamekuwa wakipatikana katika maji ya Tanzania, wengi wao pwani ya Tanga kwenye majarife ya kina kirefu, na 2009 hifadhi ya bahari ikaanzishwa huko kwa ajili yao. Ni samaki wa buluu ya kiza mwenye madoa meupe, mapezi yake yana nyama kama viganja vya miguu. Analindwa na sheria, hauzwi. Akinasa kwako kata uzi, mteremshe chini kama nilivyoeleza, uwaarifu maofisa wa uvuvi mahali, kina na saa.

## Ukirudi pwani

Suuza ndoana, pete na koleo kwa maji yasiyo ya chumvi, uvianike kivulini. Pitisha pima kumi za mwisho za mshipi mkuu kati ya kucha zako. Ukisikia mkwaruzo, kata hapo utupe kipande chote, usikitupe ufukweni. Alama zako zitakuwa zimesogea kwa kiasi ulichokata, kwa hiyo ongeza nailoni mpya ya urefu uleule upande wa chini, au hesabu upya.

Kisha fungua daftari: tarehe ya mwezi, saa maji yalipojaa, uzito wa chubwi uliosimama wima, pima, na samaki gani alikula saa ngapi. Siku uliyorudi mikono mitupu iandike kwa urefu zaidi kuliko nyingine.